Punda Niliyemteka kwa Utani

Nilipochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, shule niliyopangiwa ilikuwa mbali, upande wa Dodoma, na kabla haijafunguliwa nilibakiwa na wiki chache za kukaa nyumbani Tabora. Nilijua pa kuzipeleka. Pembeni mwa mji, karibu na njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji, mama mmoja mstaafu wa idara ya mifugo alikuwa na ua mkubwa wa kutunzia wanyama waliotupwa au waliochoka: mbwa, paka, mbuzi kipofu na punda kadhaa.

Nilimkuta getini na ndoo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeleta mnyama?”

“Nimejileta mwenyewe. Naomba kujitolea. Napenda sana wanyama.”

“Kila mtu anawapenda, mpaka aone kinyesi. Utakaa muda gani?”

Nilipomwambia, akatikisa kichwa. “Hapana, mwanangu. Wakishakuzoea, unaondoka, halafu mimi nabaki nao wanakutafuta.”

Kama na wewe ni kijana unayetafuta kazi ya namna hii, nikupunguzie safari: kusema unapenda wanyama hakutoshi. Anayekupokea anataka kujua utakachoweza kukimaliza kabla hujaondoka. Hilo nililifikiria usiku kucha, na asubuhi nilirudi na swali lingine.

“Mama, yupo mnyama gani anayeweza kupona ndani ya wiki zangu?”

Alinitazama kidogo, kisha akanipeleka kwa punda wa kijivu aliyesimama peke yake. Juu ya mabega, pale nira inapokaa, alikuwa na kidonda kipana kama kiganja.

“Huyu. Ukimhudumia kila siku, na asifungwe mkokoteni hata mara moja, kidonda kitafunga kabla hujapanda treni. Akirudishwa kazini mapema kitachimbika upya, na safari hiyo sina dawa.”

Basi nikawa na kazi. Nilijifunza kwamba punda haendewi kwa nyuma. Unaanza kwa kumsemesha, ajue uko wapi, kisha unamgusa shingo, na kidonda kinakuja mwisho kabisa. Nilikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nikakiacha kikauke, nikapaka dawa ya kufukuza nzi. Siku za mwanzo aliuma sketi yangu na kuing’ang’ania. Alipogundua kwamba mimi ndiye mwenye maganda ya viazi vitamu, akawa ananipokea kwa kelele ambazo majirani hawakuzipenda.

Mwenye punda alikuwa muuza maji, Mzaramo aliyemfuata mke Tabora akakwama hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mnyama wake kutibiwa, na alikuwa akipita kumjulia hali. Siku ya kwanza aliponiona nimejitwika ndoo, alipaza sauti barabara nzima ikasikia.

“Oneni Mnyamwezi! Kasoma mpaka kidato cha nne, mzigo bado uko kichwani!”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Bibi yangu aliposikia alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

“Huyo ni mtani wako, mjukuu wangu. Unanuna nini? Mjibu!”

Akanieleza. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, wakakutana na watu wa kule, wakagombana, wakapatana, na mapatano yakawa utani. Mtani anakutukana, nawe huruhusiwi kukasirika. Msibani ndiye anayekuchekesha. Tena anaweza kukamata kitu chako, kuku au hata kofia, nawe humshitaki, unakikomboa tu kwa anachokitaka.

“Na wewe unaruhusiwa hivyo hivyo,” bibi akaongeza.

Tangu hapo nilimjibu. Akisema mzigo, nasema ngoma, maana Wazaramo wanasifika kwa kukesha ngomani. “Mtani, leo umeamka kabla ya saa nne? Ngoma ilipasuka?” Naye anafurahi, anaondoka akipiga kengele ya baiskeli.

Kiangazi kikakaza, mabomba yakaanza kukoroma, na kila nyumba ikatafuta maji. Asubuhi moja muuza maji alikuja na kamba mkononi. Safari hii hakutania.

“Mama, namchukua. Wateja wananihama, na watoto wanakula kila siku.”

Kidonda kilikuwa kimeanza kuota ngozi changa, nyembamba kama utando wa maziwa. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Lakini yeye ni Mhaya, hana utani na Mzaramo. Neno lake lolote kali lingekuwa ugomvi, na punda si wake. Alisema taratibu, “Bado kidogo, baba,” na yule bwana tayari alikuwa anafungua lango.

Nikamkumbatia punda shingoni.

“Mtani! Huyu nimemteka!”

Akasimama. “Unasemaje?”

“Nimemteka. Mnyamwezi amekamata mali ya Mzaramo. Utamkomboa.”

“Wee mtoto, sina mchezo leo.”

“Basi kasirika, niende nikatangaze sokoni kwamba kuna Mzaramo aliyemkasirikia mtani wake.”

Alijaribu kukunja uso. Akashindwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikamtoa machozi, na kamba ikamdondoka.

“Loo, nimekwisha! Haya, unataka nini?”

“Mto laini wa kuweka chini ya nira. Na uulete kidonda kikishafunga, mama akisema kimefunga, si kabla.”

“Na maji nitayabeba kwa kitu gani?”

“Kwa baiskeli. Babu zangu walibeba kwa vichwa.”

Alibeba kwa baiskeli, madumu manne kila safari, akisukuma juani na kupungukiwa na wateja. Haikuwa rahisi kwake, nami nililijua. Ndiyo maana sikukosa kuosha kidonda kile asubuhi hata moja. Kila alipopita alipiga kelele, “Mtekaji! Mfungwa wangu anakula?”

Siku mama alipopitisha kidole juu ya mabega ya punda na kusema “Kimefunga,” muuza maji alileta fidia yake: mto wa gunia uliojazwa sufi, umeshonwa na mkewe, Mnyamwezi mwenzangu, kwa uzi mwekundu. Mama aliukagua, akaubonyeza, akafungua lango mwenyewe.

Asubuhi ya safari nilikuwa nawaza nitakavyofikisha tranka langu stesheni. Nje nikasikia kelele ninayoijua. Punda alikuwa mlangoni, mto uko chini ya nira, na bwana wake kasimama kando.

“Leta hilo sanduku,” akasema. “Lakini usimwambie mtu wa pwani kwamba Mzaramo alimbebea Mnyamwezi mzigo.”

Nilimwambia kila mtu niliyekaa naye kwenye behewa. Tulipofika stesheni ya Tura walikuwa bado wanacheka.