Koti Mlangoni kwa Bibi Minza

Harufu ya mitumba ya miaka ile siwezi kuisahau, ile dawa ya wadudu iliyochanganyika na vumbi la marobota, ikikupanda puani mpaka machozi. Biashara ilikuwa imefunguliwa juzijuzi tu. Pamba yetu sasa ilinunuliwa na watu waliokuja na malori yao, na mnadani Bariadi nguo za Ulaya zilimwagwa kwenye maturubai, watu wakazigombania kama kuku kwenye mtama. Mama alitoka humo na koti zito la kahawia. Nyumbani tulijua ni lake, maana baridi ya Juni ya kwetu haina adabu. Kumbe alimnunulia Bibi Minza, jirani yetu mjane, aliyekuwa akikohoa kila asubuhi.

Jumapili iliyotangulia mchungaji alihubiri kwamba ukitoa, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Ukitaka kuonekana na watu, thawabu yako umekwisha kuipata. Mama yangu alishika maneno kama yalivyo. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, naye alikwenda zake mbio. Alfajiri alilitundika koti kwenye mlango wa Bibi Minza, mikono ikining'inia, akarudi kandambili mkononi. Aliponikuta macho aliniwekea kidole mdomoni.

Hata jua halijakaa sawa tukasikia yowe. "Mayu wane, mama yangu! Nimetegwa!" Lo! Kijiji kizima kikajaa pale, na hakuna aliyethubutu kuligusa lile koti. Wazee walilinusa kwa mbali wakasema hii ni dawa, tena si ya hapa. Bibi Minza akamnyooshea kidole Nyanjige, jirani waliyegombana naye wiki ile kwa ajili ya mbuzi aliyekula viazi. Masikini Nyanjige! Siku zile mwanamke akishatajwa uchawi alihama na watoto wake, au yakamkuta makubwa zaidi. Mzee mmoja alikwisha kumwambia akafunge mizigo.

Nilimtazama mama, midomo inamcheza. Niliona kabisa anavyoiaga mbingu. "Ni mimi," akasema. "Nimempa. Ni koti tu jamani!" Akalivaa, akazunguka mbele ya wazee kama bibi harusi, wala asife. Bibi Minza akamkodolea macho. "Sasa wewe mama Kabula, ulishindwa kupiga hodi kama mtu?" Watu wakaangua kicheko, ila Nyanjige alikaa chini akalia. Mama alinuna njia nzima, akinung'unika kwamba thawabu imekwenda na koti limekwenda.

Siku hizi kanisani kwetu mtu akitoa mfuko wa saruji, jina lake linasomwa kwenye kipaza sauti, anasimama, anapigwa picha na makofi juu. Hata mimi nimesimama mara mbili, sikatai, na nilivaa vizuri makusudi. Mara ya pili mama alikuwa kando yangu, mzee sasa, masikio mazito. Nilipoketi alinivuta gauni, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni: "Kabula, kwani nani kasingiziwa?"