Kioo Alichokisafisha Mama

Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu wakiisikia humeza mate. Mimi huikumbuka Garissa ya miaka ya hamsini, uwanja wa mchanga mbele ya maduka, na lori la Adeer Guled, kaka mkubwa wa baba yangu. Adeer alijua ufundi mmoja tu: kila kinacholia kipakwe mafuta ya mkia. Viatu alipaka, kamba za ngamia alipaka, na siku dirisha la upande wa abiria lilipoanza kulia, akamimina mafuta hayo katika njia ya kioo, akajigamba kwamba hahitaji fundi. Kamba za ngamia ziliyapenda. Lakini barabara yetu ilikuwa vumbi tupu, na haukupita mwezi kabla vumbi na mafuta havijashikana vikawa gundi nyeusi. Kioo kikakwama. Adeer akazungusha mpini kwa hasira, kioo kikachomoka kwenye chuma kinachokiinua, kikatumbukia ndani ya mlango. Akakiacha humo humo.

Nisingejali, kama si mama. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa malishoni, kwa hiyo Adeer ndiye aliyetuleta Garissa kutoka kwetu Hadado, mama akiwa na maradhi ya kope yaliyomkwaruza macho miaka mingi. Hospitalini walimpasua kope zote mbili. Siku ya kutoka, daktari alimfunga kitambaa cheupe machoni akasema, mkalimani akitueleza, kwamba vumbi lisimguse mpaka vidonda vipone, la sivyo atapofuka. Adeer alikuwa amesimama pale pale. "Atakaa mbele na mimi," akasema. "Wallahi, hata punje haitamfikia."

Tulipofika kwenye lori dirisha lilikuwa wazi, pengo tupu. Fundi wa pale mjini alikuwa amekwenda Bura. Adeer akasema mama ajifunike shuka, basi. Mama akapapasa mlango, akapitisha kidole katika njia ya kioo, akakinusa. "Nani ametia mafuta ya mkia humu?" akauliza, ingawa alijua. Adeer akacheka, akauliza tangu lini mwanamke akajua gari, akaenda zake kunywa chai.

Mama hakwenda popote. Alinituma dukani nikaazime bisibisi na kopo la mafuta ya taa, tukaanza kazi, yeye mikono, mimi macho. Tulifungua mpini, tukatoa bati la ndani la mlango. Nilitaka kuanza kuvuta kioo, akanizuia. Alisema mlango huu ni kama chombo cha maziwa kilichokaa na mafuta ya zamani: usipokisugua mpaka chini kabisa, kila utakachotia kitaharibika. Akatoa mswaki wake wa mti, akautafuna ncha mpaka ukawa laini kama brashi, akauchovya katika mafuta ya taa, akaanza kusugua njia ya kioo juu hadi chini. Mimi nilimwambia palipobaki weusi. Alisugua mpaka vidole vikamtoka damu. Kisha nikaingiza mkono wangu mwembamba ndani ya mlango nikainua kioo, naye akakirudisha kwenye chuma chake kwa kupapasa. Tuliporudisha bati na mpini, naye akauzungusha, kioo kilipanda mpaka juu bila kulia hata kidogo. Akatabasamu chini ya kile kitambaa. "Usiruhusu mtu akipake kitu tena," akaniambia.

Ndipo Adeer aliporudi, na nyuma yake mnunuzi wa ng'ombe aliyevaa kanzu safi, pamoja na mwenzake. Wote wawili walikuwa wakienda njia yetu. Adeer akawafungulia ule mlango kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mama. "Habiba, pandeni juu na mtoto. Hawa ni wageni, mgeni haketi juu ya magunia."

Nikapiga kelele. "Adeer, daktari amesema!"

"Nyamaza! Unaniaibisha mbele ya watu."

Wale wageni walikiona kitambaa cha mama. Walikiona vizuri, wakaingia. Mama akanishika bega, akasema tu, "Twende, mwanangu," na hilo nalo lilinikasirisha, maana nilitaka agome, ashike ule mlango asiuachie. Nilimpandisha juu ya magunia ya sukari, nikamzungushia shuka mbili. Lori lilipoondoka niliinama kutazama. Mgeni alikuwa akizungusha mpini. Alifunga kioo kwa sababu ya vumbi.

Safari ilikuwa siku mbili. Jicho la kulia halikupona. La kushoto lilibaki likiona vivuli, na mama aliishi miaka thelathini mingine akiuliza nani ameingia mlangoni.

Adeer alipokufa, watu walimsifu kwa ukarimu. Nilitoka nje nisije nikasema kitu msibani. Siku hizi mjukuu wangu hubonyeza kitufe kwenye gari lake na kioo kinapanda chenyewe, naye hushangaa nikikodolea macho jambo dogo hivyo. Magari yamebadilika kweli. Lakini bado, kwenye matatu, akitokea mtu wa heshima, nasikia mwanamke akiambiwa, mama, sogea nyuma kidogo. Wengine husogea. Mimi naketi dirishani na kioo nakifunga mwenyewe, na mara mbili sasa wamenisimamia mlangoni wakinisihi kwa upole nisogee, na mara zote mbili gari limeondoka nikiwa pale pale.