Jina Lililoitwa na Mashine

Mimi ni mtoto wa kambini. Nimelelewa Jinja kwa Kiswahili cha askari, na nina hasira za karibu. Kwa hiyo mkuu wa ile ofisi ya chanjo kule Mbale aliponipigia simu niende nikaongeze vituo vipya kwenye programu yao ya kompyuta, nilimjibu vibaya. Programu ile tuliiandika wawili, mimi na mwenzangu Mgisu, mwenyeji wa huko, na mwenzangu huyo tulikuwa tumemzika kabla mvua hazijaanza. Sikutaka kabisa kukaa kwenye kiti chake. Lakini kazi ni kazi, nikaondoka Walukuba, mtaani kwetu Jinja, asubuhi.

Ofisini nilimkuta mjane wake, mpiga chapa wa pale, amembeba mgongoni mtoto aliyezaliwa baada ya msiba. Jamani, kilio kile! Kilikuwa kikavu, hakina machozi, kama cha mtu mzima aliyechoka.

"Hanyonyi, wifi," aliniambia, maana alinihesabu dada wa mumewe. "Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Anakauka tu hivi, ninamtazama."

Nilimshika mguu, nikauachia upesi. Niliogopa. Mtoto yule alikuwa anatutoka.

Kwao, mtoto akilia namna hiyo, mzee wa ukoo humtajia majina ya wafu, moja baada ya jingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi ndilo lake, amejichagulia. Nikauliza kama wamejaribu. Akasema mama mkwe wake amekuja kutoka Nkoma, ametaja wote, mpaka wale ambao hakuna anayejua walizikwa wapi.

"Wote?"

"Wote ila mmoja." Akaangalia pembeni. "Jina la baba yake limekufa vibaya, wifi. Ugonjwa ule. Nimekataa lisitajwe, lisimfuate mwanangu."

Nikamwambia habari za wafu mimi hazinihusu, anipishe nifanye kazi. Ndivyo nilivyo nikiogopa, nakuwa mkali.

Tulikuwa na kompaila, yaani programu inayosoma amri tulizoandika na kuzigeuza ziwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Ikifika mahali inapohitaji kipande cha nyongeza, hukiita kwa jina. Kipande cha kuhesabu tarehe za chanjo alikiandika mwenzangu, na kwa majivuno yake akakipa jina lake mwenyewe la ukoo. Nilimcheka sana. "Wewe, unataka mpaka mashine ikuamkie?" Akasema ndiyo, kwani kuna ubaya gani.

Nikaongeza vituo vyangu, nikaianzisha kompaila. Mashine ikalia pii, ikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina lake, na mbele yake, kwa Kiingereza kikavu cha mashine, maneno kwamba hapatikani.

Nikajiambia acha ujinga, hilo ni kosa la kawaida, kipande kimehamishwa. Nikakagua folda ambamo kompaila hutafuta nyongeza zake. Ilikuwa sahihi. Nikajaribu tena. Pii, na jina lake tena. Potelea mbali, nikaifuta ile amri inayomwita, nitahesabu tarehe kwa njia yangu. Kompaila ikaendelea mbele kidogo, ikamwita kutoka sehemu nyingine ya programu. Nikafuta na hapo. Ikamwita kwingine. Nje mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani, chumba kikawa na giza mchana mchana, hakuna mwanga ila ule wa kioo na jina lile juu yake.

Ndipo nikagundua kitu ambacho sikutaka kukigundua. Kila mashine ilipolia na jina kutokea, mtoto alinyamaza. Jina likiondoka, anaanza upya. Nikarudia makusudi, nikimtazama yeye badala ya kioo. Alikuwa ametoa macho juu ya bega la mama yake, anaangalia jina la baba yake.

Haki ya Mungu, nilitaka kukimbia.

Badala yake nilifungua ile folda, nikapitia vipande vyote. Kimoja sikukifahamu. Kiliitwa "kazi", na ukubwa wake ulikuwa uleule wa kile kilichopotea.

"Wifi," nikasema bila kugeuka, "nani amebadilisha jina hapa?"

Akasema, "Mimi. Kila asubuhi nikiwasha namuona kwenye orodha. Kama anaingia mlangoni. Sikukifuta, wifi, ningewezaje kukifuta? Nilibadilisha jina tu."

Hasira zote ziliniishia. Nikamwambia nitarudisha jina, maana bila hilo hakuna kitakachokwenda, na watoto wa wenzake watakosa tarehe zao. Nikasimama, nikamuonyesha kiti. "Andika wewe. Mimi siwezi."

Akakaa na mtoto mgongoni. Aliandika polepole, herufi baada ya herufi, na alipomaliza akalisoma kwa sauti, kama tulivyozoea sote kusoma tunachoandika. Sidhani alikusudia. Nikarudisha amri nilizozifuta, nikaanzisha kompaila. Ilisoma amri zetu zote mpaka mwisho, haikulia.

Na mtoto pia hakulia. Mama yake akamshusha, akamweka kifuani, akalitaja jina mara ya pili, safari hii akimwambia yeye. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya mpaka akasinzia. Mama yake alilia kwa niaba yake.

Leo mtoto huyo ni kijana mwenye sauti nzito, ileile ya baba yake. Akinipigia simu huanza kwa kutaja jina lake, na bado, kila mara, natazama mlangoni kabla sijaitika.