Chaki Zilizobaki

Jumatatu nilikuwa kaunta ya ofisi ya mji, nimetoka kumkabidhi karani barua yangu ya nne ya kuomba kazi, ya Kiingereza safi ambacho bado hakijanipa hata ugali. Kando yangu akaja mama anayefundisha wanawake kusoma na kuandika katika jumba la ustawi la Kaloleni. Karani alikuwa akiandaa makisio ya mwaka ujao ya jumba hilo.

Mama akaweka mezani boksi mbili za chaki, akazipangusa kwa ncha ya khanga. "Zimebaki, baba. Tuliandika mpaka kipande kikaishia kwenye kucha."

Akangoja kusifiwa. Karani akafungua daftari, akashika rula, akalifuta fungu la darasa zima kwa mstari mwekundu.

"Not required," akasema. "Kilichobaki hakihitajiki, mama. Ndivyo Bwana Mkubwa anavyopanga. Wacheza dansi wa jumba hilohilo walimaliza fungu lao lote, wameongezewa."

"Kwa hiyo ningezitupa?"

"Sijasema hivyo, mama yangu."

Karani akavuta boksi zote mbili upande wake. Mama akaweka kiganja juu ya moja. "Basi niachie kipande kimoja tu. Kuna mwanafunzi wangu anatoka kule mbali Kikwe kwa miguu, amebakiza herufi mbili kumaliza jina lake."

"Mali ya Serikali."

Katika ofisi hii, wasomaji wangu, mbadhirifu ndiye mhitaji. Nilikuwa na Kiingereza cha kumwambia hivyo hata Bwana Mkubwa mwenyewe. Lakini barua yangu ilikuwa bado haijafunguliwa, nikatazama dari.