Veluru ya Akina Mama wa Korali

Kabla ya kazi ile, veluru, yaani mahameli, nilikuwa naijua kwenye viti vya watu tu: unakaa, unapitisha kidole, unachora jina lako, na mwenye nyumba anakukata jicho. Kuishona, sikuwahi. Lakini akina mama wa korali ya kanisa letu, kumi na wawili, walipokuja kwenye mashini yangu hapa mtaani Ngezi na kuuliza kama naiweza, nilijibu "bila shida" hata sijafikiri.

Kitambaa walikuwa nacho tayari, roli nzima, rangi ya divai. Mama aliyewauzia sokoni aliwaambia kwamba kilifumwa Chine, kikavuka bahari hadi Mombasa, kikapanda lori mpaka Kampala, kikaingilia mpakani Mahagi. Niliposikia kimesafiri hivyo, nilikiogopa kidogo. Nilinawa mikono kabla ya kukigusa.

Sasa, mama prezidenti wa korali ni mtu mwenye mwili, na magauni yote yalitakiwa yawe mapana chini. Niliona wazi kwamba kitambaa hakitatosha. Basi nikafanya ujanja ambao kila mshonaji anaujua: gauni moja nilikata kichwa juu, linalofuata kichwa chini, yaingiliane, kisibaki hata kipande cha kufutia meza. Nilijisifu sana.

Siku ya Pasaka korali ilisimama mbele, na jua likaingia dirishani. Akina mama sita walikuwa rangi ya divai. Sita wengine walikuwa waridi, wanang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Waliimba aya mbili vizuri, halafu wakaanza kutazamana. Aya ya tatu iliimbwa ovyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anapima mkono wake na wa jirani.

Ibada ilipokwisha walinizunguka uwanjani.

"Juu ya nini miye niko roze na prezidenti iko divai?" mmoja akauliza.

"Kitambaa ilikuwa mbili!" mwingine akadakia. "Ile ya muzuri wamepatia wakubwa."

"Miye sijui kitu," prezidenti akasema. "Muulize mushonaji."

Mama muuzaji, ambaye naye anasali kwetu, aliapa mbele ya wote kwamba roli ilikuwa moja. Kisha akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Aliyetuokoa alikuwa mama mzee kuliko wote katika korali, mzaliwa wa Aveba, aliyekua nyuma ya ng'ombe. Hakubishana na mtu. Alipitisha kiganja mgongoni mwa prezidenti, polepole, toka shingo hadi kiuno. Halafu akafanya vilevile kwa mama mmoja wa waridi.

"Hii nguo iko na manyoya," akasema. "Kwa prezidenti inapanda. Kwa huyu inashuka. Nguo ni moja tu, mutoto yangu, lakini weye ulikata ingine kichwa chini."

Nikakubali kosa palepale. Nilitaka kulia, ila prezidenti alikuwa bado ametupa mgongo, amenyoosha shingo, anangoja apapaswe tena, na nikashikwa na kicheko. Kwa bahati nilicheka pamoja na wengine kumi na mmoja.

Kufumua na kugeuza hakukuwezekana; upana wa chini ungekuwa mabegani. Tukaelewana kwamba soprano wote wavae waridi na alto wote wavae divai, ionekane ilipangwa. Wakaingia chumba cha nyuma kubadilishana. Kila mmoja alipata la kumtosha, isipokuwa prezidenti, soprano wa saba, ambaye aliimba sauti hiyo tangu usichana wake. Gauni la waridi la kumwingia halikuwepo. Tulijaribu mawili. La pili lilitoa mlio.

Alisimama kidogo, mikono juu, nami nikimvua taratibu.

"Basi," akasema kutoka ndani ya veluru, "Bwana ananiita kwa alto."

Kama ni Bwana aliyemwita, sijui. Ninachojua ni kwamba soprano walianza kusikika, maana kwa miaka mingi tulikuwa tunamsikia yeye tu. Alto ndio walioanza kuja kwangu mmoja mmoja kuuliza kama naweza kupanua gauni moja la waridi limtoshe mtu fulani.

Mchungaji alinipongeza kwa wazo la rangi mbili. Nikasema aksanti. Mwezi uliofuata korali ya vijana ikaleta kazi, nikauliza wanapenda kitambaa gani.

"Popelini! Ile haiko na manyoya!" wakajibu wote, wasichana kwa wavulana.