Pensheni ya Baba na Ushindi Wetu
Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, Temeke nzima ilishangilia. Mimi, mwalimu niliyepiga kura kwa mara ya kwanza, nilirudi nyumbani nikiimba. Nilimkuta baba amenuna. Alikuwa karani mstaafu wa serikali ya Mwingereza, na kura yake alimpa aliyeshindwa.

"Mzungu akiondoka, pensheni yangu atalipa nani?" aliniuliza.

"Twende ukamuulize mshindi mwenyewe, baba."

Alivaa koti lake la kazini, tukaenda kwenye mkutano wa mshindi wa kuwashukuru wapiga kura, na baba akauliza swali lilelile mbele ya umati.

"Tutalipa sisi, mzee wangu," mshindi alimjibu. "Kazi uliifanyia nchi hii."

Wastaafu wenzake walisimama wakapiga makofi. Baba naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote, nami nikampigia kigelegele.