Mgeni Aliyependa Binti wa Nyumba

Juzi hapa Kakamega mjini nilikuwa kwa foleni ya photocopy na degree yangu ya literature, ile hakuna mwajiri anaitaka. Mbele yangu mama wa Shinyalu na bintiye wa Form Four walikuwa wanatoa kopi za notes za riwaya ya kale ya Kiingereza. Binti akamsimulia: mtoto aliokotwa, akalelewa kwa nyumba ya watu, akapendana na msichana wa humo, akanyimwa, akaondoka. Aliporudi tajiri, aliwamaliza wote.

Mama akageuka. "Huyo ni omumenya." Kwetu ndiye mgeni aliyepokewa na ukoo. "Walimpimia mahali pa kujenga?"

"Hapana, mum. Alikuwa analalanga na farasi."

"Wakamnyima bibi na shamba pia? Si walijiitia shida!"

Hapo hapo akampigia mumewe simu. "Baba watoto, huyo kijana tulilea hapo kwetu, unafukuza leo juu ya msichana wetu mkubwa, hebu ngoja nifike. Kama hapewi msichana, basi apewe kipande ajenge." Akasikiliza, akabetua midomo. "Nani ameniambia? Wazungu! Wameandika kitabu nzima."

Miaka minne chuoni niliandika essays za riwaya hiyo hiyo, juu ya power na the Other, yaani mtu wa nje, nikapata A. Tulimhurumia yule mgeni, tukamwogopa, tukamchambua hadi mifupa. Lakini I swear, hakuna professor hata mmoja aliyewahi kuuliza angefanyiwa nini ndio asiharibike.